Mgonjwa wa Meno Manne

Jumamosi, tarehe 8 Agosti. Kitale asubuhi kulikuwa na ukungu mzito hata lango la ploti halikuonekana. Bungoma mchana jua kali. Saa kumi mvua ikaanza, ile ya taratibu, na ninapoandika bado inanyesha.

Leo sitaandika mambo ya kushona. Nataka kuandika juu ya Daktari. Tumeishi ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Tuwan, Kitale, miaka tisa, na katika madaftari yangu yote hana ukurasa wake hata mmoja, ila tu "Daktari ameazima ngazi" na "Daktari amekasirika tena." Si haki. Sijui kama nitaweza. Niliachia shule darasa la saba, na mwalimu wa insha aliniandikia kwa wino mwekundu kwamba natoka nje ya mada. Basi nikitoka, nitarudi.

Ila kwanza niseme kilichonileta huku, nisije nikajificha nyuma ya maneno. Samaki wa Daktari, aliyeniachia nimtunze, alikuwa hajala siku kumi na moja, na kosa lilikuwa langu. Leo nimemleta Bungoma kwenye ndoo yenye kifuniko ili Daktari amwokoe kama anaweza. Sikujua kama anaweza. Sikujua pia kama nitaweza kumwambia ukweli.

Sasa yeye mwenyewe.

Hakuwa daktari, na alitaka hilo lijulikane. Alifanya kazi katika chumba cha meno cha hospitali mpaka akastaafu. Alianza kwa kumshikia mwenzake taa, akaishia kushika koleo. Ukimwita Daktari atasema, "Daktari alikuwa ofisini. Mimi ni yule wa kung'oa." Lakini ukimwita Mzee, hakuitikii. Nilijaribu wiki ya kwanza nilipohamia. Alipita na ndoo yake kama hajasikia, akafika mlangoni, akageuka: "Kuna mtu alikuwa ananiita?"

Hakutazama watu usoni, alitazama mdomo. Tukienda sokoni pamoja alinionyesha watu kama mtu anavyoonyesha mashamba. "Yule mwenye kofia, gego la chini kushoto. Alilia." "Yule mama wa vitunguu, mawili ya juu, hakulia hata kidogo, mumewe ndiye aliyezimia mlangoni." Kuhusu mhubiri mmoja tuliyekuwa tunamheshimu sana alisema, "Anahubiri moto vizuri. Lakini alinishika mkono wa koti mpaka kifungo kikang'oka." Nikacheka kanisani Jumapili mbili mfululizo. Lazima niseme pia kwamba maneno hayo ya wagonjwa hakupaswa kuyatoa nje, na nadhani alijua, kwa sababu mbele ya mwenyewe hakuyasema kamwe.

Yeye mwenyewe hakuwa na jino hata moja. Alikuwa na meno ya kubandika, akayaweka kwenye gilasi dirishani, na hapo ndipo yalipoishi. Alikula ugali uliolowekwa kwenye maziwa, ndizi, na mrenda, ile mboga ya kuteleza. Nilipomuuliza kwa nini mtu wa meno hakutunza yake, alijibu, "Na wewe Fundi, mbona sketi yako imeshikwa na pini?" Nilitazama chini. Kweli ilikuwa na pini.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: usimwambie mgonjwa haitauma. "Ukimwambia haitauma na ikauma, umempoteza. Mwambie itauma kidogo, kisha itakwisha. Halafu fanya haraka." Aliutumia kwa kila kitu. Mama mwenye ploti alipokuja kupandisha kodi, Daktari alitoka nje akatutangazia sote: "Itauma kidogo."

Samaki alikuja kwa njia ya jino. Dereva mmoja wa lori anayetoka Lodwar alifika kwake shavu limevimba kama mtu aliyeficha embe. Hilo lilikuwa baada ya kustaafu, na Daktari hakumng'oa, alimpeleka hospitali akakaa naye mpaka mwisho. Safari iliyofuata dereva akaleta zawadi kwenye mtungi wa plastiki uliokatwa shingo: samaki mdogo, urefu wa kidole, wa manjano mwenye mistari ya kahawia. Alimtoa ziwa Turkana. Wavuvi wa huko humtupa, alisema, nyama yake ina sumu, na ukimkera hunywa maji mpaka anakuwa mpira wenye miiba.

"Sasa mimi nimfanyie nini?" Daktari akauliza.

"Si umwangalie tu bana. Ana meno manne. Nilikukumbuka."

Hapo dereva alikuwa amemshika. Daktari alitafuta miwani, akainama kwenye ule mtungi, akakaa hapo mpaka chai yangu na ya dereva ikapoa. Meno manne kweli, mawili juu, mawili chini, yameungana kama mdomo wa kasuku. Na hayaachi kukua. Hilo dereva hakulijua, Daktari aliligundua baadaye kwa kusoma kwenye simu, herufi moja baada ya nyingine. Samaki huyu akikosa kitu kigumu cha kuvunja, meno yanarefuka mpaka mdomo haufunguki, anakufa na njaa chakula kikiwa mbele yake. Basi ni konokono, na magamba yao, kila siku.

Alimwita Mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alisema tu kwamba amezoea kufanya kazi na mtu wa jina hilo.

Fundi wa vioo alimtengenezea tanki refu kuliko kitanda cha mtoto, na mwisho wa mwaka wa pili Mgonjwa alikuwa analitosha, urefu wa kuanzia kiwiko changu hadi kifundo cha mkono. Macho mekundu, kila moja likitazama upande wake. Daktari akiingia alikuja kwenye kioo akitingisha mkia kama mbwa. Mimi nikiingia alinitazama kwa jicho moja, lingine likimtafuta Daktari. Aliishi peke yake, kwa sababu tulipomwekea samaki wengine, ngege wawili, wa kumfariji aliwakata mikia kabla sijamaliza kusema karibuni. Siku moja alimkata Daktari ncha ya kidole. Damu ilikuwa nyingi. Daktari alifunga kitambaa akisema, kwa sauti ya mtu aliyesifiwa, "Umeona? Mkato safi."

Maji ya bomba hakuyatia moja kwa moja. Yalikaa kwenye ndoo wazi siku mbili, ile harufu ya dawa iondoke, na ole wake atakayechovya kikombe humo. Hapo alikuwa mkali kupita kiasi, niseme ukweli. Alimkemea jirani yetu Mama Sharon mpaka akalia, kwa sababu alinawa miguu kwa yale maji. Hakuomba msamaha. Ila wiki hiyo hiyo mtoto wa Mama Sharon aliumwa na jino, na Daktari alitembea naye hadi hospitali, akapanga foleni, akarudi naye mgongoni. Sijui kama hiyo ni kuomba msamaha. Mama Sharon anasema siyo. Mimi nasema inaweza kuwa.

Stima ikipotea, ile pampu ndogo ya hewa ilizimika, na Daktari alivuta kigoda, akachota maji kwa kikombe, akayamwaga kutoka juu, akachota, akamwaga, ili hewa iingie. Saa moja, saa mbili. Mchana mmoja stima ilipotea tangu saa nne na siku hiyo tulikuwa tunamzika mzee wa ploti ya pili, mtu aliyekuwa akicheza naye drafti. Daktari hakuja. Watu walisema sana, ati ameacha binadamu mwenzake kwa ajili ya samaki asiyeliwa. Hata mimi nilisema, na nilisema kwa sauti. Niliporudi nilimkuta bado amekaa na kikombe, suti nyeusi amevaa, tai amefunga, viatu vimepakwa rangi. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. "Yule ameshafika," aliniambia. "Huyu bado." Sikukubaliana naye, na leo bado nusu yangu haikubali. Lakini nilichukua kikombe, nikaendelea mimi mpaka stima iliporudi.

Hapo ndipo alipoona mikono yangu, nadhani. Alisema, "Fundi, hutikisiki." Nilimjibu mtu anayetunga uzi kwenye sindano siku nzima hawezi kutikisika. Yake ilikuwa imeanza.

Mwezi wa nne binti yake, Mama Imani, karani wa serikali huku Bungoma, alikuja kumchukua. Macho ya Daktari yalikuwa na mtoto wa jicho na mikono yake ilimwaga chai. Safari ilikuwa ya wiki mbili tu, kwa daktari wa macho. Alinipa ufunguo wa chumba chake. Hakunipa maagizo marefu. "Konokono kumi kila siku, na magamba yao. Usimhurumie." Wiki mbili zikawa miezi minne.

Sasa kosa langu.

Daktari alikuwa akiokota konokono alfajiri kwenye mtaro wa nyuma na kwenye sukuma wiki za watu, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu alikuwa Daktari. Mimi ni mwanamke ninayeishi peke yangu. Siku ya tatu Mama Sharon alinikuta nimeinama na kopo.

"Fundi, hizo konokono ni za nini asubuhi hivi?"

"Za samaki."

"Samaki anakula konokono? Tangu lini? Haya, mimi sijaona kitu."

Alisema hajaona kitu, na kufikia saa sita ploti nzima ilikuwa imeona. Wiki hiyo mtoto wa mwenye ploti alipata homa ya tumbo. Hakuna aliyenishtaki. Ila wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, na mmoja alivipokea kwa ncha za vidole. Huku kwetu neno la uchawi likishakaa kwenye mlango wako, huliondoi kwa ufagio.

Nikaacha mtaro. Nilinunua minofu ya samaki sokoni, na maini, nikavikatakata vidogo kama vya mtoto anayeachishwa ziwa. Mgonjwa alivifurahia! Nilijiambia hata mnyama anapenda kupumzika. Na Daktari akipiga simu:

"Anakula?"

"Anakula sana, Daktari."

"Konokono wanapatikana?"

"Wanapatikana."

Walikuwa wanapatikana. Sikusema nawaokota. Nimelipima hilo jibu mara nyingi, na kila nikilipima linabaki uongo.

Mwisho wa mwezi wa saba Mgonjwa alianza kukigonga chakula na kukiacha kianguke. Alikuja, akakitazama kwa macho yote mawili, akajaribu, akarudi pembeni. Nilipomulika tochi niliona meno ya juu yamepita ya chini kama kucha za mzee. Mdomo ulibaki mwanya wa sindano. Siku ya kumi nilimpigia Mama Imani, si Daktari. Siku ya kumi na moja, ndiyo leo, nilipata mtu anayeleta kabichi Bungoma, akanipakia mbele na ndoo katikati ya miguu.

Daktari alikuwa ameketi barazani, jicho moja limefunikwa. Amepungua. Aliposikia sauti yangu alisimama, na jambo la kwanza alilouliza halikuwa habari ya safari.

"Umekuja naye?"

Tulimmwaga kwenye beseni kubwa la kufulia, maji yale yale ya kwake. Daktari akainamisha jicho lililobaki, nikamulika. Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu Kitale, kwamba labda ni uzee, labda ni maji.

"Fundi," akasema, "mdomo haudanganyi. Huyu hajavunja kitu tangu niondoke."

Mama Imani alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Nilitamani aondoke, hakuondoka.

"Daktari, itauma kidogo," nikasema. Kisha nikaeleza: mtaro, Mama Sharon, vitambaa, maini, simu. Nilifanya haraka kama anavyofundisha.

Nilipomaliza aliendelea kutazama beseni. "Ungeniambia mwezi wa nne," akasema. "Ningekwambia ununue kome. Ningemwambia Mama Sharon mwenyewe. Sasa umemlisha vizuri mpaka anakufa njaa." Hilo liliingia. Mama Imani akasema, kwa nia njema nadhani, "Baba, si tutafute mwingine tu? Huyu amezeeka."

Daktari akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimetandazwa, akaitazama ikitetemeka. Tukaitazama sote. Akairudisha magotini.

"Nawa mikono," akaniambia.

Nilikataa. Nilisema mimi ni mtu wa nguo. Nilisema nimeshamharibu mara moja, inatosha. "Ndiyo maana utakuwa mwangalifu," akasema. "Nenda duka la karibu na msikiti, ulete mafuta ya karafuu, tumlaze usingizi."

Mwenye duka, mzee mwenye kanzu, alinipimia kichupa akiwa na huruma. "Pole mama. Jino linakusumbua?"

"Si langu. La samaki."

Alishusha miwani. "Samaki ana jino?"

"Anayo manne."

"Subhanallah," akasema. "Basi mpe pole."

Matone machache yakatikiswa kwanza kwenye chupa ya maji, kisha kidogo kidogo ndani ya beseni. Hapo Daktari hakuhitaji macho. "Amelegea?" "Bado." "Amelala upande?" "Analala." "Mapezi ya kifua yanasogea?" "Polepole." "Ngoja. Jino halina haraka." Harufu ya karafuu ilijaa baraza na nikakumbuka kila jino lililowahi kuniuma. Alikuwa amehifadhi bati lake la zamani la vyombo. Akanipa koleo ndogo ya kukatia waya. Nilimzungushia Mgonjwa kitambaa kilicholowa, ndani ya maji, nisimtoe hewani, maana akivuta hewa na kuvimba anaweza asiishushe. Alikuwa laini chini ya mkono kama mtoto aliyelala. Sikutegemea hivyo.

"Usikate mengi. Ncha tu. Kama unakata uzi karibu na kitambaa."

Hiyo nilijua. Ya kwanza ilikatika na kuruka ikagonga ukuta, Mama Imani akapiga kelele. Ya pili. Za chini zilikuwa fupi, nikaziacha. Sikutikisika. Nilitikisika baadaye, nilipokuwa namsogeza mbele na nyuma kwenye maji safi ili yapite kwenye mashavu, na hasogei, na hasogei, na Daktari anauliza, "Vipi?" na mimi naendelea kumsogeza. Halafu jicho moja likageuka. Lilinitazama mimi.

"Ameamka," nikasema.

Daktari alipumua. "Sasa tutaona kama atakula. Asipokula leo, tumefanya kazi bure."

Mvua ndiyo ilikuwa imeanza. Nikaomba gambuti za Mama Imani na bakuli, nikatoka hadi mtaro wa barabarani, mchana kweupe, mtaa nisioujua. Konokono walikuwa wametoka. Mama mmoja chini ya mwavuli akasimama.

"Dada, unaokota nini hapo?"

"Konokono, mama. Nina mgonjwa."

Alinitazama, akatazama bakuli, akasema, "Huyo mkubwa umemwacha, yule pale kwenye jani." Akaenda zake.

Nilipomdondosha wa kwanza, Mgonjwa alimtazama akizama. Akamwacha. Wa pili akamwacha. Mama Imani akasema twende tukale, chakula kinapoa. Daktari hakusogea, alikuwa amegeuza sikio kwenye beseni kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Nikadondosha wa tatu, mdogo, wa gamba jembamba.

Krach.

"Sikia," akasema Daktari. Na tena: krach. Alicheka bila sauti, ufizi wote nje. Kunishukuru hakunishukuru, na sikustahili. Tulikaa hapo mpaka akamaliza wanne.

Jioni tumekula ugali na kuku. Mama Imani alimwekea babake firigisi juu ya sahani, kama inavyowekewa mwenye nyumba, ingawa kila mtu mezani alijua hawezi kuitafuna. Huwa anaigusa tu kwa heshima, na inarudi jikoni. Leo aliichukua kwa vidole vinavyotetemeka, ikavuka meza polepole, ikadondoka kwenye sahani yangu. Mama Imani alifungua mdomo aseme kitu. Kwetu mwanamke hapewi.

"Kula, Fundi," akasema. "Wewe una meno."

Yeye alikula mrenda. Firigisi ilikuwa ngumu kidogo, na nimeimaliza yote.